Hakuna Ndege Isiyoonekana na Rada, KAAN Ikiwemo

Nimetumiwa tena ile picha ya KAAN, ndege mpya ya kivita ya Uturuki, ikiwa angani, na chini yake maneno yale yale: haionekani na rada, tena imefanana kabisa na F-22, ndege ya kivita ya Marekani iliyobuniwa kujificha dhidi ya rada. Kwa kuwa kazi yangu ni kupima mwangwi wa rada, na kwa kuwa subira yangu kwa sentensi hiyo imekwisha, naandika haya ili siku nyingine nitume kiungo tu.

Kila ndege huonekana na rada; swali ni kwa umbali gani. Umbali huo hufuata mzizi wa nne wa eneo la mwangwi, yaani kipimo cha ukubwa wa mwangwi ambao ndege huurudisha kwenye rada, na hapo ndipo penye shughuli. Ukilipunguza eneo hilo mara 10, rada iliyokuwa ikiiona ndege kwenye kilomita 100 sasa itaiona kwenye kilomita 56 hivi. Ukitaka isiione hadi kilomita 10, ulipunguze mara 10,000. Kingo za mbawa na mikia zilizopangwa sambamba, yaani ule mfanano na F-22 unaowasisimua watu, hukupa hatua za mwanzo tu. Umbo likishatawanya mawimbi, vitu vilivyokuwa vimemezwa na mwangwi mkubwa huanza kujitokeza kimoja kimoja: mwanya kati ya paneli mbili, kichwa cha skrubu, antena, ukingo wa kioo cha rubani, na kibaya kuliko vyote, feni ya injini inayochungulia kupitia tundu la hewa. Katika chumba cha vipimo, utepe wa metali ulioinuka kidogo pembeni mwa paneli hutosha kuharibu grafu nzima, na hakuna picha ya simu itakayokuonyesha utepe huo.

Tena yote haya ni kwa mawimbi mafupi. Kwa mawimbi ya mita, mkia wa ndege unakaribiana na urefu wa wimbi lenyewe, na hesabu nzuri ya pembe hupoteza makali yake. F-117, ndege ya Marekani ya kujificha dhidi ya rada, iliyoangushwa Serbia tarehe 27 Machi 1999 ilifuatiliwa kwanza na P-18, rada kuukuu ya mawimbi ya mita, kisha ikapigwa kwa kombora la kutungulia ndege la S-125.

Nikiri kwamba hata sisi wapimaji tuna mashaka ambayo vitabu huyapitia juu juu. Zile namba zinazolinganisha ndege nzima na mpira wa gofu siziamini, kwa sababu hazitaji pembe wala masafa ya mawimbi, na kwa sababu modeli safi iliyowekwa juu ya nguzo ili ipimwe si ndege iliyokaa kikosini miaka mitatu na kufunguliwa paneli kila wiki.

Turudi kwa KAAN. Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Februari 2024, kwa dakika 13. Ni kazi ya kuheshimika, hasa kwa nchi iliyotolewa kwenye mradi wa ndege ya kivita ya Marekani, F-35, mwaka 2019 kwa sababu ya kununua S-400, mfumo wa Urusi wa kutungulia ndege. Lakini YF-22, mfano wa majaribio wa F-22, iliruka Septemba 1990, na F-22 ikaingia kazini Desemba 2005. Kuruka ndiko kunakofungua orodha ya kazi.

Injini ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. KAAN ya majaribio inatumia F110 mbili za Marekani, za ukoo ule ule unaosukuma F-16 nyingi, ambazo mabomba yake ya kutolea moshi hayakubuniwa kwa ajili ya stelthi, yaani kujificha dhidi ya rada. Kwa hiyo anayeitazama ndege kutoka nyuma anapata zawadi ya mwangwi na joto pia. Injini ya Kituruki, TF35000, ingali ikitengenezwa. Mnamo Septemba 2025 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uturuki, Hakan Fidan, alisema leseni za injini za Marekani zimekwama katika Bunge la nchi hiyo. Indonesia, ambayo mwaka huo huo ilikubali kununua KAAN 48, inasubiri kwenye foleni hiyo hiyo, maana injini ya Marekani haiuzwi kwa nchi ya tatu bila kibali cha Washington.