Wasifu wa Mwanafunzi wa Uhasibu si Orodha ya Sifa

Wanafunzi wengi wa uhasibu nchini Tanzania huamini kwamba, kwa kuwa hawajawahi kuajiriwa, hawana cha kuandika kwenye wasifu wao wa kazi, na hivyo huujaza maneno kama "mchapakazi" na "mwaminifu". Imani hiyo si sahihi, na inasikitisha kwa sababu huwaficha vijana wenye uwezo. Anayeajiri mhasibu msaidizi hutafuta ushahidi wa kazi iliyofanyika, hata kama haikulipwa. Aliyekuwa mweka hazina wa VICOBA (kikundi cha kijamii cha kuweka na kukopa), au aliyefanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya halmashauri, ana mengi ya kusema. Badala ya "nilisaidia idara ya uhasibu", aandike: "Nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwezi, nikabaini hundi zilizokuwa hazijawasilishwa benki." Sentensi hiyo inamwonyesha mtu anayejua kwa nini salio la daftari na salio la benki hutofautiana. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu itajwe kwa ngazi na masomo aliyofaulu, hata kama hajamaliza, na kila tarehe ihakikiwe na vyeti vyenyewe kabla ya kutuma maombi.