Sauli hakubadilishwa jina njiani kwenda Dameski

Wengi wetu tumefundishwa hivi: Sauli mtesaji alikutana na Yesu, akaokoka, akapewa jina jipya la Paulo. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 9 usome taratibu. Yesu anamwita Sauli. Anania, mwanafunzi wa Yesu huko Dameski, anapomwekea mikono baada ya siku tatu za upofu, anamwita ndugu Sauli. Hakuna mahali anapopewa jina jingine.

Anaendelea kuitwa Sauli miaka kadhaa baadaye, akiwa tayari mwalimu Antiokia. Hata Roho Mtakatifu anapoagiza watengwe kwa kazi, anawataja Barnaba na Sauli (13:2). Badiliko linakuja 13:9, kisiwani Kipro, mbele ya liwali Mrumi Sergio Paulo, na Luka, mwandishi wa Matendo, analipitisha kwa maneno machache tu: “Sauli, ambaye ndiye Paulo”. Mtu mmoja, majina mawili. Alikuwa Mbenyamini, kabila la mfalme Sauli, na pia raia wa Rumi kwa kuzaliwa (22:28). Safari zilipomfikisha kwa watu wa mataifa, jina la Kirumi ndilo lililofaa, na ndilo analotumia katika barua zake.

Kosa linatokana na kumchanganya na Abramu, ambaye Mungu mwenyewe alimwita Abrahamu (Mwanzo 17:5). Anayefanana na Paulo kweli ni Yohana aliyeitwa pia Marko (Matendo 12:12).

Na farasi yule ambaye Sauli anaanguka kutoka kwake kwenye michoro ya njia ya Dameski? Sura za 9, 22 na 26 za Matendo zinasimulia tukio hilo; hayumo katika hata moja.