Mkono haupandi baada ya oparesheni ya titi? Tuongee kuhusu masaji

Mi ni fizio, na wagonjwa wangu wengi ni kina mama waliotolewa titi kwasababu ya kansa. Malalamiko yanafanana sana: kidonda kimekauka, nyuzi zimetoka, dokta kasema uko vizuri, ila kifua kinabana na mkono unaishia usawa wa bega. Kusuka hawezi, kufunga sidiria shida, kuanika nguo ndo usiseme. Na wengi wanafika kwangu wakiwa washakandwa maji ya moto nyumbani na mama mkwe au shangazi, kwa nia njema kabisa.

Sasa jamani, hayo maji ya moto hapana. Kukandwa kwa mzazi ni jambo lingine. Daktari akitoa tezi za kwapani anapita karibu na kamshipa ka fahamu kanakoleta hisia kwapani na upande wa ndani wa mkono, mara nyingi kanakatwa au kanavutika, ndo maana unabaki na ganzi pale. Ngozi yenye ganzi haisikii moto, yani utaungua kitambaa kikiwa juu yako na hujui mpaka uone malengelenge. Halafu joto linaongeza maji kwenye mkono ambao njia zake za kutoa maji zimeshapunguzwa tezi zilipotolewa, kesho unaamka umevimba.

Kinachobana hasa ni nini? Kovu linagandana na misuli ya chini yake, na misuli ya kifua inafupika kwasababu mtu anajikunja kulinda kidonda wiki nzima, bega linakuja mbele. Wengine wanatokewa na kamba kwapani, ukinyoosha mkono unaiona imekaza chini ya ngozi kama waya wa gitaa, inashuka mpaka kwenye kiwiko na wengine mpaka karibu na kiganja. Wanaogopa wanadhani kansa imerudi. Si kansa, inatokea sana wiki za mwanzo baada ya tezi kutolewa na inatibika.

Masaji ya kovu tunaanza kidonda kikiwa kimefunga kabisa, hakuna gaga wala majimaji, kwa wengi ni wiki ya 4 mpaka ya 6. Weka vidole viwili vitatu bapa juu ya kovu, bila mafuta kwanza, maana ukipaka mafuta vidole vinateleza na ngozi yenyewe haisogei. Sogeza ngozi juu na chini, kulia kushoto, halafu duara dogo. Utasikia kabisa sehemu nyingine inatembea juu ya mbavu na nyingine imeng'ang'ania, hapo ilipong'ang'ania tulia, ishikilie taratibu, usilazimishe. Kucha ikianza kuwa nyeupe kidogo, nguvu hiyo inatosha. Dakika 5 mpaka 10, mara mbili kwa siku. Mafuta ya nazi paka ukishamaliza. Ile misuli ya mbele ya kwapa mi huwa naibana kati ya dole gumba na vidole huku mgonjwa anavuta pumzi na kupandisha mkono polepole, na hapo ndo wengi wanashangaa mkono umepanda zaidi palepale.

Ila masaji bila mazoezi ni kazi bure, nasema ukweli hata kama inaniharibia biashara. Lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, upeleke juu ya kichwa, au simama utambaze vidole ukutani na uweke alama ya chaki ulipofika. Kama umepangiwa mionzi, iwe Ocean Road au Bugando, usisubiri, kwasababu kule unalazwa mkono ukiwa juu ya kichwa na usipopanda maandalizi yanakwama. Na baada ya mionzi usiache, misuli inaendelea kukakamaa miezi na hata miaka.

Mkono ukiwa umeshavimba, hiyo ni masaji tofauti, laini mno, ni kuivuta ngozi tu kuelekeza maji sehemu ambayo njia zake za kutoa maji bado ni nzima. Ilianzishwa na Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki, miaka ya 1930 wakiwa Ufaransa, na inaenda pamoja na bandeji au soksi ya mkono. Ya saluni ya kubonyeza kwa nguvu usikubali upande huo.

Swali la kila siku: masaji inasambaza kansa? Masaji laini, hakuna ushahidi huo. Ila ukihisi uvimbe mpya usiuguse, nenda kwa dokta, na kama kansa imefika kwenye mifupa hakuna kubonyezwa kwa nguvu popote. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, hiyo ni infeksheni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukivimba ghafla na kuuma inaweza kuwa damu imeganda, masaji marufuku mpaka upimwe.

Ukija kwa fizio yeyote beba karatasi ya oparesheni, tunataka kujua zimetolewa tezi ngapi na kama umepata mionzi, maana hayo ndo yanatuambia tuguse vipi.