Salfa na profenofosi si "dawa" moja

Kijana aliletwa saa nne asubuhi, amebanwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Bomba la kupulizia alilobeba lilikuwa likivuja tangu alfajiri. Mate yanamtoka, kifua kinakoroma, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mama yake mdogo alinishika mkono. "Daktari, maziwa tumeshampa."

Mimi ni mfamasia, na mboni zile zilinitosha kujua kilichoshikwa.

Ukitaka kukunja kidole, ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli ukiipokea hukaza. Ili ulegee, lazima kemikali hiyo ifutwe papo hapo. Mfutaji ni kimeng'enya asetilikolinesterasi: molekuli yake moja hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Mkataji mwenyewe ni asidi amino iitwayo serini, iliyojificha ndani kabisa ya shimo la kimeng'enya. Ukiiziba serini, asetilikolini inarundikana. Tezi zinamwaga mate na machozi, mapafu yanajaa majimaji, misuli inachezacheza hadi ile ya kupumulia inachoka.

Profenofosi, tunayompulizia mbu wa mikorosho, mdudu anayeharibu miti hiyo, ni ya kundi la oganofosfati. Hupachika fosfeti kwenye serini. Viuadudu vya kundi la karbameti huziba palepale, ila kifungo chao hukatika chenyewe, mara nyingi ndani ya saa 24. Cha oganofosfati hung'ang'ania, na kikikaa hupoteza kipande kimoja na kukomaa. Hapo hakifunguki tena. Mwili hauna budi kutengeneza vimeng'enya vipya, kazi ya wiki nyingi. Anayepuliza leo, kesho na keshokutwa anaongeza deni juu ya deni, hata kama kila jioni anajiona mzima.

Nasikia mara nyingi kwamba cha asili hakidhuru. Kusini-mashariki mwa Nigeria, watuhumiwa walilishwa haragwe la Calabar: aliyetapika hana hatia, aliyekufa alikuwa nayo. Wazee wa huku watakumbuka mwavi, ingawa mwavi ni mti mwingine na sumu yake hushambulia moyo kwa njia yake. Ndani ya haragwe lile kuna fisostigmini, iliyotenganishwa mwaka 1864, nayo hushika serini ileile kwa mtindo wa karbameti. Ndugu yake wa maabara, neostigmini, hutumika baada ya upasuaji kurudisha nguvu za misuli iliyolegezwa kwa dawa. Galantamini, ya maua fulani ya Ulaya, hupewa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kimeng'enya ni kilekile. Kinachoamua ni kipimo na muda wa kushikwa.

Kinachoniumiza hapa Mtwara ni neno letu "dawa". Salfa ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ni dawa, profenofosi ni dawa. Mtu amepuliza salfa miaka kumi, imemwasha macho, amekohoa, akaoga, yakaisha. Salfa haigusi kimeng'enya hiki hata kidogo. Kisha anachukua chupa nyingine kwa mazoea yaleyale, kifua wazi, naye hajui kwamba hii hupenya ngozi hata pasipo muwasho wowote.

Kijana tulimvua nguo zote, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha pia. Akapewa oksijeni, na atropini ikarudiwa hadi kifua kikakauka. Atropini, ambayo asili yake ni mimea ya jamii ya mnanaha, haikifungui kimeng'enya. Inakaa pale asetilikolini ilipotaka kutua, kwenye tezi, moyo na njia za hewa, ikampa mgonjwa nafasi ya kupumua. Maziwa hayafanyi lolote kati ya hayo, na kwa mtu anayekoroma yanaweza kuingia mapafuni.

Jioni nilimkuta mama mdogo akikunja lile shati alitie kwenye kapu, akafue na nguo za watoto. Nilimwomba aliache. Alinitazama kitambo, akauliza kama na mkeka aliolalia kijana shambani nao una ile dawa. Nikamwambia ndiyo, mama, na mkeka.