Enrique Fuentes Quintana: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukizungumzia namna Hispania ilivyotoka kwenye udikteta wa Jenerali Francisco Franco bila uchumi wake kusambaratika, jina linalotajwa kwanza ni la Adolfo Suárez, waziri mkuu. Jina la Enrique Fuentes Quintana, profesa aliyezaliwa 1924 huko Carrión de los Condes, mkoa wa Palencia, huja baadaye, tena likiwa limebebeshwa habari zisizo zake.

Husemwa: Franco ndiye aliyeleta maendeleo ya miaka ya 1960.

Ukweli ni kwamba sera aliyoipenda Franco ilikuwa kinyume kabisa. Tangu 1939 serikali yake ilitaka nchi ijitosheleze kwa kila kitu. Kuagiza bidhaa kulihitaji kibali, na peseta, sarafu ya Hispania wakati huo, ilikuwa na viwango vingi vya kubadilishia fedha kutegemea unauza au unanunua nini. Kufikia 1959 akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imekaribia kuisha. Mpango wa Julai mwaka huo uliweka kiwango kimoja, peseta 60 kwa dola, ukabana matumizi na kufungua biashara, kwa msaada wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Mawaziri walioubeba walikuwa Alberto Ullastres na Mariano Navarro Rubio. Nyuma yao walikuwapo wachumi, akiwemo Joan Sardà wa Benki Kuu, na Fuentes Quintana, aliyekuwa akiongoza jarida la uchumi la Wizara ya Biashara. Franco aliukubali shingo upande.

Husemwa: basi naye alikuwa mtu wa Franco.

Hili haliwezi kumalizwa kwa neno moja. Kweli alilipwa mshahara na serikali ile, kama maprofesa wa vyuo vya umma kwa ujumla. Lakini tazama alichokifanya akiwa humo ndani. Kuanzia 1970 aliongoza Taasisi ya Masomo ya Kodi, chini ya Wizara ya Fedha, na 1973 taasisi hiyo ikaandaa ripoti iliyoonyesha jinsi mfumo wa kodi wa Hispania ulivyokuwa mbovu: ulikusanya kidogo, uliegemea mno kodi za bidhaa, na wenye mali walikwepa bila kuogopa chochote. Ripoti hiyo haikutekelezwa. Utawala uliotegemea uungwaji mkono wa matajiri usingewatoza kodi ya mapato ya kweli. Binafsi naona huyu si shujaa wa upinzani wala si kibaraka. Alikuwa fundi aliyeandaa vifaa, akijua kwamba siku moja vitahitajika.

Husemwa: alikuwa mwanasiasa wa miaka mingi.

Hapana. Alikaa uwaziri kwa takriban miezi saba na nusu, kuanzia Julai 1977 hadi Februari 1978, akiwa naibu waziri mkuu wa pili na waziri wa uchumi. Hakuwa mbunge wa kuchaguliwa. Kiti chake cha seneta alikipata kwa uteuzi wa mfalme.

Husemwa: Makubaliano ya Moncloa, mapatano ya 1977 ya kuokoa uchumi, yalikuwa mapatano kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, na lengo lilikuwa kuwabana wafanyakazi.

Hapa pana makosa mawili. Waliotia saini Oktoba 25, 1977, katika Moncloa, ikulu ya waziri mkuu, walikuwa viongozi wa vyama vya siasa vilivyopata viti katika uchaguzi wa Juni: Suárez mwenyewe, Felipe González wa wasoshalisti, Santiago Carrillo wa wakomunisti ambao chama chao kilikuwa kimehalalishwa Aprili tu, na wengineo. Manuel Fraga, waziri wa zamani wa Franco, alisaini sehemu ya uchumi akakataa ile ya siasa. Vyama vya wafanyakazi na waajiri havikusaini. Kati ya vyama vikubwa vya wafanyakazi, CCOO kiliunga mkono, UGT kilisitasita, na shirikisho jipya la waajiri nalo lilinung'unika.

Kosa la pili ni zito zaidi, na ndipo akili ya Fuentes Quintana inapoonekana. Bei ya mafuta ilipopanda 1973, serikali za mwisho za udikteta ziliogopa kuwaambia watu kwamba nchi imekuwa maskini zaidi. Mwaka 1977 mfumuko wa bei ulifikia takriban asilimia 26. Tatizo lilikuwa na mzunguko wake: mishahara ilipandishwa kufuata mfumuko wa mwaka uliopita, viwanda vikapandisha bei kufidia mishahara, na mwaka uliofuata hesabu ikaanza upya ikiwa juu zaidi. Makubaliano yakageuza kipimo. Mishahara ya 1978 ipande kufuata mfumuko unaotarajiwa, kwa kikomo cha karibu asilimia 22. Peseta ilikuwa tayari imeshushwa thamani mwezi Julai. Mwisho wa 1978 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi kama asilimia 16.

Wafanyakazi walilipia, hilo halifichiki, na ukosefu wa ajira uliendelea kupanda kwa miaka mingi. Lakini walipewa kitu upande wa pili. Sheria ya Novemba 1977 ilifanya ukwepaji kodi kuwa kosa la jinai, ikaondoa usiri wa benki mbele ya mamlaka ya kodi, na ikatoza kodi ya mali. Septemba 1978 ikafuata sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, iliyopitishwa chini ya waziri wa fedha Francisco Fernández Ordóñez. Anayempa Fernández Ordóñez sifa zote anasahau ile ripoti ya 1973.

Husemwa: alipojiuzulu, alishindwa.

Aliondoka mageuzi mengi ya kina yakiwa hayajafanyika, na katika hilo wakosoaji wana hoja. Hata hivyo sioni kwa nini kazi ya mchumi ipimwe kwa wizara pekee. Baada ya serikali aliongoza kituo cha utafiti cha benki za akiba, akaanzisha jarida la *Papeles de Economía Española*, akapata Tuzo ya Príncipe de Asturias ya sayansi za jamii mwaka 1989, na kabla ya kufariki Madrid mwaka 2007 akasimamia mfululizo wa vitabu vinene kuhusu historia ya wachumi wa Hispania.

Wapo pia wanaodhani aliwahi kupata Nobeli. Hakuipata, na hadi leo hakuna mchumi Mhispania aliyeipata.