Je, wajua kwanini meya hana sauti kwa polisi?

Juzi kijiweni Mwanga, hapa Kigoma, karibu na soko, dogo mmoja pikipiki yake imekamatwa iko kituoni, basi akaanza kulalamika: si tumechagua diwani, madiwani wakachagua meya, sasa meya si apige simu tu itoke? Mzee mmoja anayeuza mawese kwenye chupa za maji akacheka weee, akamwambia mwanangu, meya akipiga simu atasalimiwa vizuri kabisa na pikipiki itabaki palepale.

Mzee hajakosea. Polisi ni jambo la Muungano, yaani liko chini ya serikali kuu, limeandikwa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima, anateuliwa na rais, chini yake kuna RPC, kamanda wa mkoa, halafu OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, amri inashuka kwa njia hiyo na Manispaa ya Kigoma Ujiji haimo kabisa kwenye huo mstari. Kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya nayo mwenyekiti wake ni DC, mkuu wa wilaya. Tena huyo DC, kwa sheria ya tawala za mikoa ya 1997, anaweza kuagiza mtu awekwe ndani hadi masaa 48, meya hawezi hata dakika tano.

Sasa meya ana nini? Baraza lina sheria ndogo na wale mgambo wa manispaa, ndo hao wanaokimbizana na mama aliyetandaza dagaa pembeni ya barabara. Ila hata mgambo anayewapanga kila siku ni mkurugenzi, na mkurugenzi naye kateuliwa na rais, kwahiyo Mstahiki Meya anabaki na joho, mkufu na kiti cha mbele (samahani mheshimiwa). Hata zimamoto zilikuwa za halmashauri, sheria ya 2007 ikazipeleka Mambo ya Ndani.

Linganisha na New York. Kule meya ndo anamteua kamishna wa polisi na anaweza kumtoa, jeshi lenye askari zaidi ya elfu 30, kwahiyo wakikorofishana ni ugomvi wa bosi na wafanyakazi wake. Mwaka 2014 meya Bill de Blasio alisema hadharani kwamba yeye na mkewe wamemfundisha mtoto wao, ambaye mama yake ni mweusi, awe makini akikutana na polisi. Askari wakaona katuuza huyu. Desemba hiyohiyo wenzao wawili wakapigwa risasi wakiwa wamekaa kwenye gari lao Brooklyn, meya akaenda hospitali, anapita koridoni askari wanamgeuzia mgongo, na msibani wakarudia. Wiki zilizofuata wakagoma kimyakimya, tiketi za makosa madogo zikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hata enzi za meya David Dinkins, 1992, maelfu ya askari waliandamana nje ya ofisi yake hapohapo New York, kisa kikubwa alitaka raia ndo wachunguze malalamiko dhidi ya polisi.

Huku kwetu askari amgeuzie mgongo meya kwa lipi, wakati hamlipi wala hamhamishi? Kwetu mambo yanageuka upande mwingine. Mei 2017 meya wa Arusha wa wakati huo, Kalist Lazaro wa Chadema, alikamatwa na polisi pamoja na viongozi wa dini na waandishi wa habari, walikuwa wameenda shule ya Lucky Vincent kutoa rambirambi baada ya ajali ya basi iliyoua wanafunzi 32. Meya wa jiji huyo, na bado alipanda gari la polisi kama sisi wengine.

Dogo wetu kosa lake lilikuwa helmeti. Akaandikiwa elfu 10, akalipa kwa control namba, na jioni alikuwa keshapakia abiria wa Kibirizi.