Matege na jua lote hili?

Mwaka jana bibi mmoja wa hapa Dar es Salaam aliniletea mjukuu wake wa miezi 16, akieleza kwamba amechelewa kutembea. Nilimshika mtoto kifundo cha mkono, nikakuta mfupa umetuna kana kwamba amevaa bangili ndani ya ngozi. Nilipopitisha vidole kifuani, pale mfupa wa ubavu unapokutana na gegedu, nilihisi vinundu vilivyopangana kama shanga. Aliposimamishwa, miguu ilipinda kwa nje. Bibi akaniuliza, "Daktari, matege na jua lote hili?"

Matege yake yalitokana na upungufu wa vitamini D. Chakula huchangia sehemu ndogo tu ya vitamini D tunayohitaji, na sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi yenyewe inapopigwa na miale ya jua iitwayo urujuanimno, ile ya aina B. Kinachotengenezwa hupita kwenye ini, kisha kwenye figo, na hubadilishwa mara mbili kabla hakijaanza kazi yake kubwa, ambayo ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Vitamini hiyo ikipungua sana, utumbo hufyonza takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyomo kwenye chakula, ilhali ikitosha kiwango hicho hufika asilimia 30 hadi 40. Ndiyo maana mtoto anaweza kunywa maziwa kila siku na mifupa yake ikabaki laini, kisha siku anapoanza kujisimamisha uzito wake mwenyewe ukaipinda.

Sasa tulitazame jua lenyewe. Mtoto huyu aliishi ghorofa ya nne, wazazi wakishinda kazini, naye akibaki na dada wa kazi ambaye, kwa nia njema kabisa, alimwotesha jua dirishani. Kioo cha dirisha hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya aina B. Siku alizotolewa nje, alitolewa saa moja asubuhi akiwa na soksi, kofia na shuka. Nakiri kwamba sisi wahudumu wa afya tumechangia kosa hili, kwa kuwa tumehimiza "jua la asubuhi" kwa miaka mingi bila kutaja saa. Jua likiwa chini, miale hiyo hupotea kwa wingi angani kabla ya kutufikia. Kipimo rahisi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, ngozi inaweza kufanya kazi, na kwa Dar es Salaam hali hiyo huanza kati ya saa tatu na nusu na saa nne asubuhi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, ingawa si wa kumuunguza mtoto. Wenye ualbino wasiliote kabisa jua hilo. Wao wapewe vitamini ya dawa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao hapa Tanzania uliwakuta na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, wakati wataalamu wengi huridhika na 50. Kwa hiyo jua letu halina kasoro. Tatizo ni kwamba wengi tumehamia ndani.

Mama wa mtoto aliniuliza kwa unyonge kama maziwa yake ndiyo yaliyokuwa duni. Hayakuwa duni. Maziwa ya mama huwa na vitamini D kidogo hata mama akiwa na afya njema, na nchi kadhaa hushauri mtoto anayenyonya apewe matone ya yuniti 400 kila siku.

Hata hivyo si kila matege ni ya vitamini D. Nchini Nigeria wamepatikana watoto wanaocheza juani kutwa na bado wakapata matege kwa kukosa kalsiamu kwenye chakula, na kule Maji ya Chai, wilayani Arumeru, floridi iliyozidi katika maji imepinda miguu ya wengi. Kwa sababu hiyo hupima damu na kupiga eksirei kwanza.

Watu wazima nao hunijia na chupa za vidonge vya vitamini D walizouziwa kwa ahadi za kukinga saratani na ugonjwa wa moyo. Jaribio kubwa la Marekani, lenye washiriki zaidi ya 25,000, lilitoa majibu mwaka 2018: yuniti 2,000 kwa siku hazikupunguza idadi ya waliopata saratani wala ya waliopata mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwa asiye na upungufu, naona ni fedha ya bure, na dozi ikizidi mno hupandisha kalsiamu ya damu na kudhuru figo.

Mjukuu wa bibi yule nilimpa vitamini D na kalsiamu kwa miezi mitatu, pamoja na dagaa waliosagwa na mifupa yao na kuchanganywa kwenye uji. Eksirei ya pili ilionyesha mstari mweupe kwenye ncha ya mfupa wa kifundo, dalili kwamba madini yameanza kujengeka. Miguu bado haijanyooka, lakini anatembea.